Barua ya wazi kwa Mapostamasta Wakuu wa Tanzania na Kenya: kiandikeni Kiswahili kwenye stempu

Waheshimiwa Mapostamasta Wakuu, pamoja nanyi mnaosimamia makumbusho na nyaraka za taifa,

Baada ya salamu. Shuleni tulifundishwa kuanza na "dhumuni la barua hii". Niwieni radhi, dhumuni nitalifikia, ila kwanza kuna kitu nataka mkione.

Mezani kwangu hapa Tanga ipo stempu nyekundu, imepauka, ina tai wa Kijerumani. Ni stempu ile ile aliyokuwa akibandika mtu wa Berlin au Hamburg akimwandikia shangazi yake, senti zao kumi. Ila juu ya tai huyo imepigwa chapa nyeusi: 5 PESA 5. Basi. Jina la koloni halimo, wala hakuna neno jingine. Ofisi za posta za Bagamoyo na Dar es Salaam zilikuwa zimefunguliwa Oktoba 1890, na mwaka 1893 serikali ilipotaka stempu za huku zitofautiane na za kwao, neno lililochaguliwa kuzitofautisha lilikuwa "pesa". Mpaka 1896 ndipo walipoongeza maneno "Deutsch-Ostafrika" mshazari. Kwa miaka hiyo mitatu, kilichomjulisha mtu kwamba stempu hii ni ya Afrika Mashariki kilikuwa neno ambalo mama muuza vitumbua wa Tanga alilitumia kila siku.

Najua mtaniambia pesa ni neno la Kihindi. Ni kweli, lilivuka bahari na majahazi, kama lilivyovuka neno "bima" na neno "gari". Lakini Wajerumani hawakulitoa Bombay. Walilikuta sokoni huku, wakalichukua likiwa limeshakuwa letu.

Nawaomba mtazame na sarafu ya wakati huo, maana bila sarafu stempu haieleweki. Kampuni ya Wajerumani iliyotawala pwani kabla ya serikali yao kuichukua ilitengeneza pesa za shaba kuanzia 1890. Upande mmoja tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili maandishi ya Kiarabu, na mwaka wa Hijra, 1307. Kwa nini sarafu ilipewa herufi za Kiarabu na stempu ikanyimwa? Jibu langu ni hili: sarafu ilikwenda sokoni, na sokoni mwenye kukataa ni mnunuzi na muuzaji. Wazee wa pwani walisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mtu haipokei shaba asiyoweza kuisoma. Stempu ilikwenda ofisini. Ofisini mwenye kukataa ni karani.

Halafu ikaja hela. Mwaka 1904 Wajerumani waliiacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja, wakagawa rupia kwa heller 100. Sarafu mpya ilitoka bila herufi hata moja ya Kiarabu. Mwaka uliofuata stempu nazo zikabadilishwa: heller 2½, 4, 7½, 15, na kuendelea, zote na picha ya merikebu ya Kaiser Wilhelm, mfalme wa Wajerumani, merikebu hiyo hiyo iliyowekwa kwenye stempu za makoloni yao yote, kuanzia Togo mpaka Samoa. Jina la koloni na fedha ndivyo vilivyobadilika. Sasa cheki watu wetu walivyofanya. Heller hawakuirudisha, waliitia ulimi wa kwao, wakaikata mkia, ikawa hela. Zaidi ya karne moja baadaye dereva wa bodaboda wa hapa barabara ya kumi na mbili bado anakuuliza kama una hela ndogo, na Kaiser hamjui. Stempu haikukubali Kiswahili, lakini Kiswahili kiliimeza stempu.

Kinachonikera zaidi ya maneno ya stempu ni mihuri. Nina bahasha na vipande vya bahasha vya miaka hiyo, na majina yaliyomo kwenye mihuri ya duara ukiyasoma kwa sauti unadhani ni nchi ya watu wengine. Mwanza ni MUANSA. Moshi ni MOSCHI. Arusha ni ARUSCHA. Ujiji imewekewa herufi mpaka ikawa UDJIDJI. Hayo tuseme ni masikio ya Mjerumani, aliandika alivyosikia. Lakini Lushoto haikuandikwa vibaya. Ilifutwa kabisa, muhuri ukasema WILHELMSTAL, bonde la Wilhelm. Kasanga ya ziwa Tanganyika ikawa BISMARCKBURG. Tukuyu ikawa NEU LANGENBURG. Mtu wa Usambara akitaka barua imfikie ilibidi aandikiwe kwa jina la mfalme wa Ulaya, la sivyo barua haina pa kwenda. Hapo ndipo ninapoona siasa ya lugha ilivyo, kuliko kwenye hotuba yoyote: si kwamba wanakuzuia kusema neno lako, ila mahali pako panakuwa hapafikiki kwa neno hilo.

Na hawa ndio Wajerumani wanaosifiwa kwamba walikipenda Kiswahili! Kwa kiasi fulani walikitumia vizuri, nami sitawanyima haki yao. Shule ya serikali ya hapa Tanga ilifunguliwa miaka ya mwanzo ya 1890 ikisomesha kwa Kiswahili, ikatoa makarani na maakida. Gazeti la Kiongozi lilichapishwa hapa hapa, kwa Kiswahili, mpaka vita vilipoingia. Akida alimwandikia bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kijerumani, kwa Kiswahili, na bwana shauri akamjibu kwa Kiswahili. Lugha ilikuwa ya kukusanyia kodi, ya kuitia watu kazini, ya kuhukumia kesi ndogo. Ilikuwa lugha ya kuwaambia watu. Stempu ni kitu kingine: ni serikali inajitambulisha yenyewe mbele ya dunia, inasema mimi ni nani na mlangoni kwangu kumeandikwa nini. Hapo Kiswahili hakikualikwa.

Mfano wa kusikitisha, na wa kuchekesha pia, ni wa Vuga. Vita vilipopamba moto na meli za Waingereza zikafunga bahari, koloni likaishiwa stempu. Mwanzoni mwa 1916 zikachapishwa za dharura kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, huko milimani Usambara, makao ya kale ya Wakilindi, ukoo uliotawala Washambaa. Mtambo ule ulikuwa wa kuchapishia vitabu vya Kiswahili na Kishambaa. Herufi zile zile za risasi zilizopanga sala kwa Kiswahili zikapangwa upya kuandika stempu kwa Kijerumani. Kabla hazijatumika, meli moja iliponyoka kizuizi ikafika kusini ikiwa na shehena, na stempu za Vuga hazikuhitajika tena. Zikafukiwa ardhini Morogoro zisiangukie mikononi mwa adui, na baada ya vita zikafukuliwa, nyingi zimeharibiwa na unyevu, zikapelekwa kuuzwa Ujerumani. Ndiyo stempu pekee za enzi ile ninazoweza kusema zilizaliwa nchini, na leo ukitaka kuziona unatafuta mnada wa Ulaya. Waheshimiwa wa makumbusho, hili ni lenu.

Ya Wabelgiji nayapitia kwa haraka, ingawa yana funzo lake. Walipoingia kutoka Kongo mwaka 1916, wakateka Kigoma, Ujiji na Tabora, walileta stempu za Kongo zilizopigwa chapa ya kutangaza kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani, chini ya Ubelgiji. Chapa hiyo iliandikwa mara mbili: kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Mwenye Kiholanzi Ujiji alikuwa nani? Ugomvi wa Brussels kati ya wenye lugha hizo mbili ulikuwa umeshaingia kwenye stempu za Kongo mwaka 1910, ukafuata jeshi mpaka ufukweni mwa ziwa, mahali ambapo mvuvi, mchuuzi, askari na mpagazi wote walielewana kwa Kiswahili. Afrika Kusini nako, kuanzia 1926, stempu zilichapishwa zikipishana kwenye karatasi moja, hii Kiingereza, inayofuata Kiafrikana, ili Mwingereza na Kaburu wasigombane. Kizulu, Kixhosa na Kisotho havikuhesabiwa kuwa na ugomvi.

Nimewahi kuambiwa na mwenzangu mkusanyaji kwamba stempu ni kijikaratasi tu, nafasi ya lugha ya pili haipo. Basi atazame Palestina. Mwingereza huyo huyo, mwaka 1920, alizipiga chapa stempu za huko kwa lugha tatu na herufi za aina tatu: Kiarabu, Kiingereza na Kiebrania. Na mwaka 1925 Mwarabu mmoja wa Jerusalem, Jamal al-Husseini, aliipeleka serikali mahakamani kwa sababu ya herufi mbili za Kiebrania zilizofuata jina la nchi kwenye stempu. Herufi mbili! Nafasi hupatikana pale ambapo mtawala anaogopa kelele. Kwetu hakuogopa.

Maana tuje kwa Mwingereza wa kwetu. Kabla ya serikali yake kulikuwa na kampuni yake, na mwaka 1890 kampuni hiyo ilitoa stempu za Mombasa na bara yake zenye jua lililovikwa taji, alama ya kauli mbiu yao ya nuru na uhuru, kwa Kiingereza. Naomba mlishike neno hilo la pili, tutalirudia. Tangu 1917, vita kuu vikiendelea bado, Tanganyika ikapewa stempu za muda kwanza, zenye herufi G.E.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa kifupi cha Kiingereza, kisha 1922 zikaja zile za twiga. Ni nzuri, sitaki kusema uongo. Twiga yule ni mzuri kuliko wafalme wote waliomfuata. Lakini hakuitwa twiga.

Mwaka 1930 Waingereza waliunda kamati ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, isanifishe Kiswahili kwa kufuata Kiunguja, iamue tahajia, ikague vitabu vya shule. Kamati ikafanya kazi. Miaka mitano baadaye, 1935, Kenya, Uganda na Tanganyika zikaunganishiwa stempu, nchi tatu karatasi moja. Ungedhani hapo ndipo lugha iliyosanifishwa kwa ajili ya kuziunganisha nchi hizo ingeonekana. Ukiacha majina ya mahali, huoni hata neno moja. Kwenye stempu mojawapo ya mfululizo ule kuna jahazi katika ziwa Victoria, na mchoraji alisahau: kamba moja haifiki kwenye tanga. Kuna chapa ambazo kamba haijagusa na nyingine ambazo imegusa, na wakusanyaji wa London hulipana fedha nzuri kwa tofauti hiyo. Nahodha yeyote wa Tanga angewaambia bure. Lakini hakuna aliyemuuliza, kwa sababu chombo kilikuwa chake na jina la chombo halikuwa lake.

Kisha likaja lile neno. Desemba 1961, kwenye stempu za Tanganyika huru: UHURU 1961. Desemba 1963, kwenye za Kenya: UHURU 1963. Mombasa ilikuwa imengoja miaka 73 tangu jua la kampuni hadi neno hilo liandikwe kwa lugha ya watu wanaolitaka. Na Unguja, baada ya mapinduzi, hawakusubiri hata mtambo wa kuchapa: stempu za sultani zilizokuwa ghalani zilipigwa muhuri wa mkono, JAMHURI 1964, nyingine umekaa mshazari, nyingine umepinduka miguu juu. Ninazo mbili. Nikizishika huwa najisikia kama nimeshika mkono wa karani yule, ana haraka, wino umemjaa vidoleni. Zilizopigwa kwa mtambo zilikuja baadaye, zimenyooka, nami huzitazama mara chache.

Waheshimiwa, dhumuni la barua hii sasa. Baada ya Uhuru na Jamhuri tulilala. Neno kubwa la sherehe tuliliandika kwa Kiswahili, na vitu vidogo vya kila siku tukaviacha kwa Kiingereza na Kilatini: samaki, ndege, mazao, ngoma, kazi za mikono. Mfano mmoja unatosha. Mwaka 1971 Kenya ilitoa stempu za makombe ya baharini, nzuri ajabu. Kwenye mbili kati ya hizo jina la Kilatini lilikuwa na kasoro, moja ikiwa ni herufi tu katika neno "pompilius". Kosa likagunduliwa, na mwaka 1974 zikatoka zilizorekebishwa. Yaani tulijali kiasi cha kuchapa upya kwa ajili ya herufi ya Kilatini, kwenye picha ya vitu ambavyo watoto wa Lamu, Msambweni na Bagamoyo huviokota maji yakitoka na kuviita kwa majina yake, kauri, kome, kombe, chaza. Hakuna aliyesema tungoje kwanza tumuulize mtoto huyo.

Msinielewe vibaya. Jina la kisayansi libaki. Mtaalamu wa Brazil naye ananunua stempu. Kiingereza nacho kibaki kama kina kazi. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinadai jina la nchi kwa herufi za Kilatini, na majina yetu yote yako kwa herufi hizo tangu mwanzo. Hakuna kanuni inayosema ndege aitwe kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tanzania hata bunge lake hubishana kwa Kiswahili. Tangu 2021 Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, umeitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Naomba hivi: kwenye kila stempu mpya, jina la kitu liandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, na kama kitu kina jina la pwani na jina la bara, au la Kimvita na la Kiunguja, wekeni yote mawili. Wakusanyaji watafurahi, wanapenda tofauti kuliko walivyopenda kamba ya jahazi.

Ombi la pili ni la mfululizo mmoja, wa nchi mbili kwa pamoja kama mkiweza, maana tulishawahi kuchapa pamoja. Stempu kuhusu stempu. Tai mwenye pesa kifuani. Merikebu na hela. Muhuri wa WILHELMSTAL, na kando yake muhuri wa Lushoto. Jua la kampuni likitazamana na UHURU 1963. Twiga wa 1922, safari hii ameandikiwa TWIGA. Muhuri wa mkono wa JAMHURI, uchapwe ulivyokaa, mshazari, msiunyooshe.

Na kwenu wa makumbusho na nyaraka: stempu zetu zinahesabiwa kwenye katalogi za London, za Ujerumani na za Marekani, kwa nambari zao na kwa lugha zao. Mwanafunzi wa Tanga anayetaka kujua stempu ya babu yake ni ipi analazimika kujua Kiingereza au Kijerumani. Kaeni na wakusanyaji tuliobaki, tumekuwa wachache na macho yanafifia, tuandike katalogi ya Kiswahili. Hata maneno ya kazi yenyewe tunayo: stempu, muhuri, chapa ya juu, gundi, meno ya pembeni, bahasha ya siku ya kwanza. Tena tunayo S.L.P., kifupi cha herufi tatu kilichoingia kwenye kila barua ya kuomba kazi nchini Tanzania bila tangazo wala kamati, na hakuna anayekumbuka kwamba kiliwahi kuwa kigeni.

Stempu yangu ya tai na pesa, ile nyekundu, naiazima kwa mchoraji wenu muda wowote atakapoihitaji. Naomba tu isibanduliwe kwenye kipande cha bahasha ilichobandikwa, kwa sababu nusu ya muhuri iko kwenye karatasi, na nusu hiyo ndiyo yenye neno TANGA.

Wenu,
Mkusanya stempu, Tanga